MREJESHO: Ripoti ya binti yangu wa gredi ya nne, ile ya "AE" kwenye Hisabati

Wiki iliyopita niliuliza hapa kama alama ya AE ni kufeli, na mbona ripoti haina namba ya darasani. Babake ni mtu wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu ya Kenya. Kwake ripoti bila "wa ngapi kati ya wangapi" ni karatasi tu. Alishaanza kutafuta mwalimu wa tuisheni.

Nilifanya mlivyonishauri: Jumanne nikavuka feri mapema, nikaenda shuleni na daftari lake badala ya kwenda na malalamiko. Mwalimu akanieleza. Ngazi ni nne: EE amezidi matarajio, ME ameyafikia, AE anayakaribia, BE yuko chini. Kwa hivyo AE ni ya tatu kutoka juu, si sifuri.

Kisha akafungua daftari. Kuzidisha, vyema. Kugawanya, vyema. Tatizo ni hesabu za sehemu, yaani nusu, theluthi na kadhalika: mtoto ameandika theluthi ni kubwa kuliko nusu, kwa sababu 3 ni kubwa kuliko 2! Kosa hilo moja limejirudia kurasa mbili nzima.

Jioni nikakata mkate wa sinia mbele yake, nusu huku, theluthi kule. Akachagua nusu bila kuulizwa mara mbili, mlafi huyu.

Tuisheni tumeiacha kwanza. "Aongeze bidii" iliyoandikwa kwenye Kiswahili ndiyo sijaielewa hadi leo, maana hapo amepata ME. Nilisahau kuuliza. Babake naye bado anataka namba.

Ahsanteni sana.