Tupeane uzoefu: Lishe baada ya ugonjwa wa utotoni, kimo cha mtoto na kubalehe kwake

Mama wa Buswelu (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, nafungua mada hii kwa wazazi na walezi ambao watoto wao waliugua sana kabla ya kutimiza miaka miwili, wakapona, kisha miaka ikapita na ikaonekana kwamba hawakui kama wenzao. Binti yangu wa kwanza ana miaka 14. Alipokuwa na miezi 10 alishikwa na kuhara, kukafuatiwa na nimonia. Tukarudi naye nyumbani homa ikiwa imekwisha, lakini kwenye kadi ya kliniki uzito wake ulikuwa umetoka kwenye kijani na kuingia kwenye kijivu, ukakaa humo muda mrefu. Leo mdogo wake mwenye miaka 12 amempita kimo na amekwisha kuvunja ungo, ilhali yeye matiti ndiyo kwanza yanaanza kuota.

Hospitalini tulielezwa jambo ambalo natamani kila mzazi alijue. Mtoto anapougua, mwili hupunguza homoni zinazorefusha mifupa, kwa kuwa nguvu zimeelekezwa katika kupambana na ugonjwa. Ugonjwa ukiisha, mwili huwa tayari kufidia, na mtoto anaweza kurefuka kwa kasi kuliko kawaida, mradi apate chakula cha kutosha chenye protini, zinki na madini mengine. Chakula kikikosekana, au ugonjwa mwingine ukiingia kabla hajafidia, kimo hubaki nyuma. Kubalehe nako hakufuati umri peke yake: mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo, na akiba isipotosha ubongo huahirisha mabadiliko hayo.

Daktari alitupa na mipaka ya kuzingatia: msichana ambaye matiti hayajaanza kuota hadi miaka 13, mvulana ambaye korodani hazijaanza kukua hadi miaka 14, na msichana ambaye hajavunja ungo hadi miaka 15, wapelekwe kupimwa. Naomba tupeane uzoefu, hasa kuhusu mlichowalisha watoto wenu baada ya kupona.

Nesi Mstaafu, Nyegezi

Ahsante mwanangu kwa kulileta hili. Nilifanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, na kilichoniumiza kuliko vyote ni kuona mtoto ameponywa wodini, kisha nyumbani anarudishiwa uji mweupe wa mahindi na sukari, na watu wanasema amepona. Mtoto aliyetoka kuugua hudai chakula mwenyewe, na wiki hizo ndizo za kumlisha. Mwongozo wetu ulikuwa mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili baada ya kuhara, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, ambavyo akina mama wengi huviacha kuhara kunapokoma.

Chukueni dagaa waliokaushwa juu ya chanja, si wale wa mchangani. Wachambueni, waosheni kwa maji ya moto, waanikeni tena, kisha wakaangeni bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole. Watwangeni pamoja na vichwa na mifupa, kwa sababu huko ndiko kwenye kalisi, mchekeche, na mtie kijiko cha unga huo kwenye uji pamoja na karanga zilizosagwa.

Jambo la pili ni la uchungu. Mtoto akikonda baada ya kuugua, majirani husema amebemendwa, na mama husutwa badala ya kusaidiwa, wakati utepe wa kupimia mkono ungetoa jibu palepale: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na matibabu yanatakiwa siku hiyohiyo.

Mvuvi wa Nansio

Shikamoo mama. Huku Ukerewe dagaa wanavuliwa mbele ya macho yetu, lakini wanapakiwa kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na mtoto anabakiwa na ugali wa muhogo, ambao ni wanga mwingi na protini kidogo mno. Mwanangu wa kiume aliandamwa na malaria utotoni, na alipofika darasa la tatu viganja vyake vilikuwa vyeupe. Alipimwa akakutwa na kichocho cha tumbo, ambacho hupoteza damu kidogo kidogo kupitia utumbo, na mtoto aliyepungukiwa damu hakui vizuri hata akishiba. Alitibiwa, nami nikaanza kutenga sado ya dagaa kabla ya kuuza. Sasa ana miaka 16, sauti imeanza kuwa nzito mwaka huu, na suruali za Januari zimekwisha kuwa fupi.

Mama wa Igoma

Mwanangu ana selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa. Chembe nyekundu za damu za mtu mzima wa afya huishi siku 120 hivi, lakini zake hufa mapema mno, na mwili hutumia nguvu nyingi kutengeneza nyingine. Ndiyo maana anahitaji chakula kingi kuliko ndugu zake. Nilimweleza mapema kwamba balehe yake ingechelewa lakini ingekuja, na maelezo hayo yalimsaidia shuleni walipoanza kumwita mtoto.

Baba wa Kisesa

Nakubaliana nanyi, ila naomba tuongeze tahadhari. Binti yangu aliugua sana akiwa mchanga, na alipopona ndugu wote walitaka anenepe, kwa soda, chipsi na maandazi. Alinenepa kweli, na alipofika miaka saba matiti yakaanza kuota. Daktari alisema kubalehe kabla ya miaka minane kunahitaji uchunguzi, na kwamba jambo kama hili limechunguzwa kwa wasichana walioasiliwa kutoka nchi maskini na kupelekwa Sweden na Denmark, ambao wengi wao walibalehe mapema kuliko wenzao. Anayebalehe mapema hurefuka haraka, lakini mifupa yake hufunga mapema na kimo cha utu uzima hupungua. Mayai, maharage, dagaa na maziwa vinajenga mwili. Mafuta na sukari vikizidi huongeza uzito tu.

Mama wa Buswelu

Baba wa Kisesa, umenikumbusha kipimo ambacho sikukitaja. Binti yangu alipigwa eksirei ya mkono wa kushoto, na mifupa ilisomeka kama ya msichana wa miaka 11 na nusu, maana yake nafasi ya kurefuka bado ipo. Tumeambiwa apimwe kimo na uzito kila baada ya miezi sita, na damu ichunguzwe kwanza. Je, kuna aliyewahi kurudia eksirei hiyo baada ya mwaka, na ilionyesha nini?