Injini ndogo za ndege za modeli: kuzikinga na kutu karibu na ziwa

Mkazi wa Nyegezi:
Ndugu zangu, salaam. Marehemu kaka yangu ameniachia injini tatu ndogo za ndege za modeli, zile zinazotumia methanoli, nami ninakusudia kuzitunza hadi mwanangu atakapofikia umri wa kuzitumia. Mbili zinazunguka vizuri. Ya tatu, ukiizungusha kwa mkono, unahisi beringi ya nyuma ikikwaruza, na nilipofungua kifuniko na kumulika kwa tochi niliona rangi ya kahawia pembezoni mwake, ilhali ganda la alumini linang'aa kama jipya. Nyumba yetu imeezekwa kwa bati, nayo mvua za vuli zikianza hata nguo za kabatini hushika unyevu. Je, ni hewa ya ziwa inayoziharibu, na nizihifadhi vipi?

Fundi wa Igoma:
Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Unyevu wa ziwa unachangia, lakini Ziwa Viktoria ni la maji baridi na hewa yake haina chumvi kama ya Tanga, kwa hiyo chanzo kikubwa nakitafuta ndani ya injini yenyewe. Methanoli hunyonya maji kutoka hewani, na kama mafuta yalichanganywa na nitromethani (kemikali ya kuongeza nguvu), mabaki ya kuungua kwake huwa na tindikali. Uchafu huo hutuama kwenye kasha la krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), mahali penye beringi za chuma, ndiyo maana gololi huliwa huku alumini ikibaki iking'aa.

Usipake oili juu ya uchafu huo. Fungua plagi, suuza ndani kwa mafuta ya taa huku ukizungusha taratibu, mwaga, rudia mpaka yatoke safi, kisha acha ikauke. Baada ya hapo tia matone kadhaa ya oili ya giaboksi ya otomatiki kupitia tundu la plagi na kabureta, uzungushe tena ili ifike kwenye beringi zote mbili. Ondoa kwanza vipande vya mpira wa silikoni, kwa sababu oili hiyo huvivimbisha. Mwishowe iache pistoni ikiwa chini, kwani injini nyingi za aina hii zina silinda inayobana kuelekea juu. Dawa za kupuliza kama WD-40 zinafaa kufukuza maji, lakini utando wake ni mwembamba mno kwa uhifadhi wa miaka.

Mwalimu wa Musoma:
Naomba niongezee kuhusu mahali pa kuziweka. Chuma hushika kutu kwa kasi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 60, na chini ya bati tatizo ni kubwa zaidi: mchana chumba kinapata joto, usiku kinapoa ghafla, na umande unajikusanya juu ya chuma hata kama hakuna tone la mvua lililoingia. Mfuko wa plastiki uliofungwa siku ya mvua unafungia unyevu humo humo. Tumia kopo lenye mfuniko wa mpira unaobana, ulifunge alasiri ya siku kavu, na utie ndani silika jeli, yaani chembe zinazofyonza unyevu. Ile ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 hivi. Maboksi ya karatasi yahifadhi kwingine, maana karatasi hufyonza unyevu na kuugusisha kwenye chuma.

Mkazi wa Nyegezi:
Nawashukuru sana. Je, ile rangi ya kahawia haiwezi kuwa mafuta ya mbarika, yale yanayochanganywa na methanoli kulainisha injini, yaliyoganda tu?

Fundi wa Igoma:
Inawezekana, na swali lako ni zuri. Mbarika iliyoganda huifanya injini iwe nzito na yenye kunata, kisha hulegea ukiipasha joto. Kutu hukwaruza, na joto haliiondoi. Kwa kuwa yako inakwaruza, beringi hiyo usiitumie tena. Ondoa kabureta, plagi na krankishafti, pasha kasha kwenye oveni hadi nyuzi 150 hivi, ligonge taratibu juu ya ubao, nayo itadondoka, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma. Namba iliyoandikwa ubavuni mwake ndiyo utakayoipeleka kwa wauza beringi mjini. Mpya usiifunge kabla kasha halijasuuzwa na kukauka kabisa.