Kampuni iliyotupeleka Old Man of Hoy ilimweka rafiki yangu hatarini, na sasa inakataa kurudisha fedha

Waungwana, kuna kampuni ya kuongoza wapanda miamba huko Uingereza iliyopokea fedha zangu na za rafiki yangu, ikatupeleka kwenye nguzo ya mwamba iitwayo Old Man of Hoy, katika visiwa vya Orkney kaskazini mwa Scotland, ikahatarisha maisha ya mwenzangu kwa uzembe usio na udhuru wowote, na sasa inakataa kurudisha hata senti moja.

Kabla ya kulipa tuliwaeleza wazi kwamba tumezoea kuta za mazoezi za ndani ya majengo, na kwamba Kilimanjaro tulipanda kwa njia ya Marangu. Walitujibu kwa maandishi kuwa mtu aliyefika kilele cha Uhuru hawezi kushindwa na nguzo ya mita 137. Huo ni upotoshaji mtupu. Marangu hupandwa kwa miguu, na kinachowaangusha watu pale ni uhaba wa hewa. Old Man of Hoy ni mwamba wa mchanga uliosimama wima kando ya bahari, na njia yake ya kawaida ya upande wa mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1966 na Chris Bonington, Rusty Baillie na Tom Patey, ina daraja la E1, ambalo ni la kwanza katika kundi la njia ambazo Waingereza wenyewe wanazihesabu kuwa ngumu kupita kiasi.

Hawakutuambia pia kwamba mwezi Julai vibaraza vya mwamba huo hujaa ndege wa baharini waitwao fulmar, ambao humtapikia mafuta yanayonuka yeyote anayekaribia viota vyao. Rafiki yangu alitapikiwa shingoni. Hilo ningelivumilia.

Nisilolivumilia ni namna tulivyoshushwa. Sehemu ya pili ya njia ile huanza kwa kwenda kulia kwa ubavu, kisha hupanda ndani ya ufa mpana ulioinamia nje, kwa hiyo anayeshuka kwa kamba kutoka juu yake huning'inia hewani, mbali na mwamba, bila uwezo wa kukifikia kibaraza alichoanzia. Wapandaji wanalijua jambo hili tangu zamani, na ndiyo maana huacha kamba ya ziada pale wakati wa kupanda ili wajivute nayo wanaporudi, au hubeba kamba za mita 60 zinazowafikisha chini moja kwa moja. Mwongozaji wetu hakuacha kamba yoyote, na alizobeba zilikuwa fupi. Juu ya hayo, alimtanguliza mteja! Mwenzangu alibaki akining'inia juu ya mawe na mawimbi, akizunguka kama pia, mkanda ukimbana mapaja hadi miguu ikafa ganzi, huku mwongozaji akipiga kelele za maelekezo ambayo upepo uliyapeperusha. Aliyemwokoa si kampuni. Ni wapandaji wawili tusiowafahamu, waliokuwa wamefika kwenye kibaraza kile, waliomrushia kamba wakamvuta kwao. Nawashukuru kwa moyo wangu wote. Kusingekuwa na mtu pale, ingebidi kusubiri helikopta au boti ya uokoaji, kwa kuwa hakuna barabara inayofika. Kutoka Rackwick, kijiji kilicho karibu, watu hutembea kwa miguu.

Kampuni inajitetea kwamba tulitia saini karatasi ya kukubali hatari. Ndiyo, tulikubali hatari ya mwamba, ya upepo na ya mvua. Hatukukubali hatari ya mwongozaji anayelipwa kuijua njia kisha anapanda bila vifaa ambavyo njia hiyo inavidai. Nilipowauliza sifa za mtu huyo, na kama ni mwanachama wa British Mountain Guides, chama cha waongozaji wa milimani wa Uingereza, walinyamaza, nao wamenyamaza hadi leo.

Tunadai ada yote, pamoja na barua ya kumwomba radhi rafiki yangu, ambaye mpaka sasa hataki kuona kamba. Yeyote anayefikiria kwenda huko aulize kabla ya kulipa: kamba zina urefu gani, nani ataacha kamba kwenye sehemu ya pili, na mwongozaji amethibitishwa na chama gani. Wakijibu madai yetu, nitaliweka jibu lao hapa neno kwa neno.