Memwari (kazi ya kumaliza chuo): polima za kubebea dawa au za kusafisha maji? Naomba ushauri

MwanaKatuba (Lubumbashi)
Bandugu, jambo. Nasoma kemia, mwaka wa mwisho. Nimependa polima (vitu kama plastiki, vya molekuli ndefu) zenye vitundu: gramu moja tu inaweza kuwa na eneo la ndani kupita mita za mraba 1,000. Humo unapakia dawa itoke polepole mwilini, au unanasa uchafu wa maji. Mama yangu analima mboga kando ya mto, na udongo wetu una shaba na kobalti, basi moyo unanivuta kwenye maji. Wenzangu wanasema dawa ndiyo yenye heshima. Labo yetu ina mizani, kipima-pH (kipima asidi) na kolorimeta (kipima ukolevu wa rangi), basi. Nishike njia gani?

YayaKemia
Leki, shika maji. Ukichukua dawa, utadaiwa uonyeshe kwamba polima haidhuru seli. Kwa vyombo hivyo utakwama. Shaba inajionyesha: tia amonia, maji yanakuwa ya buluu iliyokolea, kolorimeta inasoma. Anza na miligramu 500 kwa lita, kwani ikiwa kidogo sana buluu inafifia. Kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Sampuli za kiwango hicho tafuta labo yenye mashine ikupimie.

FundiMaji
Vitundu peke yake havishiki shaba! Polistireni tupu, ile plastiki, hushika mafuta na rangi, ioni za shaba (shaba iliyoyeyuka, yenye chaji) zinapita zake. Weka amini (vikundi vya nitrojeni vinavyoshika shaba) kwenye kuta za vitundu. Halafu angalia pH: maji yakiwa na asidi nyingi, protoni (ioni za haidrojeni za asidi) zinanyang'anya nafasi, pH ikikaribia 6, shaba inaanza kutuama yenyewe, nawe utadhani polima imefanya kazi. Kila jaribio liwe na chupa moja isiyo na polima. Watu wengi wanasahau hiyo chupa.

MwanaKatuba
Asante sana, yaya. Asante, fundi. Sasa chembe za polima niziache kwenye ukubwa wa nanomita 100?

FundiMaji
Hapana. Hizo zitapenya karatasi ya kuchujia, utakuwa umeongeza plastiki kwenye maji ya mama. Tengeneza punje za nusu milimita, vitundu vibaki vidogo ndani yake. Au utie oksidi ya chuma, uzivute kwa sumaku.

YayaKemia
Punje zikijaa shaba, zioshe kwa asidi hafifu, uzitumie tena. Asidi hiyo itatoka na shaba yote uliyonasa: iweke kwenye dumu, usiimwage mtaroni.