Final Fantasy VII ya 1997 au ile mpya: ipi niwafungulie vijana kibandani?

Mama_Padi, Busia

Hamjambo wapenzi wa gemu. Nina kibanda hapa Busia, upande wetu wa Uganda: PS4 mbili, televisheni mbili, mabenchi. Kuanzia mchana hadi giza liingie ni mpira tu. Sina ubaya na mpira, ndio unaolipa kodi ya chumba. Lakini wale wa mpira wakitawanyika, wanabaki vijana watano sita ambao mfukoni hamna kitu na nyumbani hawataki kwenda. Hao ndio nataka kuwafungulia gemu yenye hadithi. Diski ya Final Fantasy VII Remake ninayo, ile ya 2020. Mteja wangu mmoja anasema niachane nayo, nichukue ile yenyewe ya 1997, ambayo inapatikana pia kwa PS4. Nyinyi mnasemaje?

Ngojeni kwanza, msinijibu kwa picha nzuri na picha mbaya. Hilo halinisumbui.

Kaka yangu ndiye aliyefungua kibanda cha kwanza mtaani kwetu, enzi za PlayStation ya kijivu. Mashine ilikuwa na chipu, na CD zote za kuchoma, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino. Final Fantasy VII ilikuwa CD tatu. Memori kadi ina nafasi 15 tu, na kila sevu ya gemu hii inakula nafasi moja, kwa hiyo kulikuwa na ugomvi wa nani afutwe. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi, kazi yangu ni kusoma Kiingereza cha kwenye skrini na kuwapa wenzangu kwa Kiswahili, kama VJ wa filamu, ila VJ hulipwa. Maandishi yale yalikuwa yanakungoja. Hujabonyeza, hayaendi. Basi naeleza kwa nafasi, naongeza na chumvi yangu kidogo, watu wanacheka, ndipo tunasonga.

Vita vilikuwa hivyohivyo. Ukiingia Config, yaani mipangilio, ATB, ile saa ya vita, ina chaguo tatu: Active, Recommended na Wait. Kaka aliweka Wait, akakataza mtu kugusa. Ukishafungua menyu ya uchawi, saa ya vita inasimama. Hapo sasa ndipo bunge linapokaa. Huyu anataka umeme, yule anasema mponye mwenzetu Barret kwanza, mwingine anauliza Phoenix Down, dawa ya kufufua, zimebaki ngapi. Aliyeshika padi ni mmoja, lakini hathubutu kubonyeza mpaka hoja ipite.

Mnamkumbuka bosi wa kwanza, nge wa chuma ndani ya kinu cha nishati ya mako? Akiinua mkia halafu ukampiga, anawarudishia leza inayowachoma wote. Kwa hiyo mkia ukipanda kibanda kizima kinapiga kelele, "Acha! Usiguse!" Hata mama wa chapati pale nje alijua mkia umepanda.

Sasa hii ya 2020. Nimeicheza mwenyewe usiku nikishafunga. Ni kazi ya watu wanaojua kazi, siwezi kusema uongo. Mji wa Midgar unauona mpaka juu kwenye bamba linalowafunika maskini. Lakini nge yuleyule amekuwa vita virefu: unakwepa, unakimbilia nyuma ya kifusi leza ipite, unatoka, unapiga, vidole havipumziki. Aliyeshika padi hawezi kumsikiliza mtu. Walio nyuma wamebaki kutazama. Na wahusika wanaongea kwa sauti, tena haraka, nikieleza mstari mmoja mitatu imeshapita.

Nionavyo, ile ya kwanza mtu angeweza kuicheza na mtaa mzima. Hii wameitengenezea mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Ndiyo maana nauliza: kule kungojea walikuondoa kabisa, au kupo mahali sijapaona?

Wandegeya99, Kampala

Mama Padi, heshima yako. Kupo. Ingia kwenye mipangilio, kwenye ugumu, uchague Classic. Hapo Cloud, yule shujaa unayemcheza, anatembea, anapiga na kujikinga mwenyewe, wewe kazi yako ni kungoja mstari wa ATB ujae umwambie afanye nini. Na hata kwenye hali ya kawaida, ukifungua menyu ya amri muda unapungua mwendo mpaka karibu usimame. Bunge lako linaweza kukaa pale.

Lakini ngoja niitetee kidogo, maana naona inahukumiwa kama mgeni. Ile ya 1997 niliianza hosteli na wenzangu watatu. Hawakumaliza hata Midgar. Mikono ya watu ni kama vibuyu, milango imechorwa ukutani huioni mpaka ubonyeze Select ikuonyeshe alama, na kila hatua chache unavutwa vitani. Aliyeicheza utotoni haoni shida, kwa sababu anaicheza pamoja na utoto wake.

Halafu hadithi. Kwenye ya kwanza Midgar unaimaliza kwa saa tano sita. Wenzake Cloud, yaani Biggs, Wedge na Jessie, wanakufa hujajua hata wanapenda nini. Kwenye mpya unafika nyumbani kwa wazazi wa Jessie, unamwona baba yake kitandani, unaelewa kwa nini binti huyu anatengeneza mabomu. Kwangu hapo ndipo kuunda upya kunapokuwa na maana. Tena hawa si watu wa kuokota barabarani. Yoshinori Kitase aliyeongoza ile ya 1997 ndiye mtayarishaji wa hii, na Tetsuya Nomura aliyechora wahusika zamani ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mwongozaji. Wanajua walichokiacha.

Malaba_Boda

Wekeni mpira. Hela iko huko.

Afande_Mstaafu, Bombo

Kijana wa Wandegeya umeongea vizuri, ila umesahau kumwambia mama jambo la muhimu. Hiyo Remake inaishia watu wanapotoka Midgar. Imegawanywa sehemu tatu. Sehemu ya pili, Rebirth, ya 2024, ilitoka kwa PS5, baadaye ikaja kwenye kompyuta. Kwa PS4 haipo. Sasa mama awape watoto hadithi, wafike langoni mwa mji, dunia yote iko mbele yao, halafu awaambie tumefika mwisho, nendeni mkanunue mashine nyingine? Hao watamvunjia kibanda.

Mimi nina zaidi ya miaka sitini na gemu yangu ni moja, Dragon Quest III. Binti yangu yuko nje, aliniletea Switch, mashine ya Nintendo, na hiyo gemu ndani. Ya kwanza ilitoka 1988 kwa Famicom, mashine yao ya zamani, hii iliyoundwa upya ni ya 2024. Hawa walifanya kinyume kabisa na wale wa Cloud. Picha wamezijenga upya, kuna mwanga juu ya maji, kuna kina, lakini watu wamebaki vidoto vilevile. Na vita hawakuvigusa. Adui amesimama mbele yako, unampa kila askari wako amri, kisha wote wanatekeleza. Unaweza kwenda kunywa chai ukarudi, adui yupo palepale, amenyooka.

Walichobadilisha ni yale ya kuchosha. Mwendo wa vita unauongeza, gemu inajisevu yenyewe, na kuna alama ya kukuonyesha uende wapi. Hiyo alama nimeizima, sikwenda vitani kuongozwa na mshale. Na wameweka hali moja nyepesi ambayo watu wako hawafi hata wafanyweje. Vita gani hivyo?

Kwa hiyo mama, usikubali uambiwe gemu ya zamu imepitwa na wakati. Walioamua kuibakiza wameibakiza na watu wameinunua. Kampuni ya Square Enix ni hiyohiyo moja iliyotoa zote mbili, Remake na hii yangu.

Wandegeya99, Kampala

Afande, Dragon Quest III hiyo nayo haipo kwa PS4. Tuko palepale.

Afande_Mstaafu, Bombo

Sikumwambia ainunue. Nimemwambia asikubali kuambiwa.

Fundi_Waya, Arua

Naingia upande wa ufundi, hayo mengine amueni wenyewe.

Mama, ile ya 1997 kwenye PS4 ina vitu vitatu ambavyo kwenye CD za kaka yako havikuwepo. Ukibonyeza kijiti cha kushoto gemu inakwenda mara tatu. Kijiti cha kulia kinawajaza watu wako nguvu vitani. Ukivibonyeza vyote viwili kwa pamoja, vile vita vya ghafla barabarani vinakoma. Hicho cha tatu ndicho kinamjibu kijana wa Wandegeya. Hicho cha pili usiwaonyeshe watoto kamwe. Wakikijua hakuna tena cha kujadili, watapita kila bosi wakipiga miayo.

Shida yake ni kusevu. Inasevu kwenye vituo vyake na ukiwa nje kwenye ramani ya dunia, basi. Remake inajisevu yenyewe kila baada ya muda, na wewe unaweza kusevu karibu popote. Kwa umeme wetu huu hilo si jambo dogo. Nimeshapokea mashine ambazo mwenyewe analia, na akiulizwa, halilii mashine, analilia saa zake.

Mama_Padi, Busia

Asanteni nyote. Nimefanya alivyosema Wandegeya, nimeweka Classic jioni na vijana wangu. Nawapa taarifa kama ilivyokuwa.

Bunge lilirudi, lakini nusu. Mstari ukijaa, kijana anafungua menyu, kila kitu kinakwenda polepole, wa nyuma wanaanza kubishana. Hapo sawa. Tatizo lilitoka kwa mwenye padi mwenyewe. Anamtazama Cloud anakimbia na kupiga bila yeye, akanigeukia: "Mama, sasa mimi hapa nafanya nini?" Akavumilia kidogo, akarudisha hali ya kawaida bila kuniomba ruhusa. Tangu hapo kelele zote zikawa za kumshangilia, ushauri hakuna tena. Alicheza vizuri sana, niseme ukweli. Wengine wawili wakaenda zao.

Niliona pia jambo jingine. Kule kinuni wakishatega bomu, hii mpya inakuuliza unataka dakika 20 au 30 za kutoroka. Ile ya zamani haikuulizi, ni 10, kimbia. Vijana walichagua 30, wakatoka wakitembea. Zamani hakuna aliyetoka pale akitembea.

Wandegeya, kuhusu Jessie nakubali, hata mimi pale kwa wazazi wake nilinyamaza. Lakini umesema anayeipenda ya zamani anaupenda utoto wake. Hawa wangu utoto wao ndio huu wa sasa, hawana cha kukumbuka, na jana nimewafungulia ile ya 1997. Wameicheka mikono, kweli, karibu waanguke benchi. Nikaweka Wait. Nikaanza kuwasomea. Tulipofika kwa nge, mdogo kuliko wote, ambaye padi hajawahi kupewa kwa sababu ya ukubwa wake, ndiye aliyeona mkia unapanda. Alipiga kelele mpaka wa mpira wakaacha mechi yao kuja kuangalia. Hawakurudi kwenye mechi, na mimi nikapoteza hela ya mchezo mzima.

Ndiyo maana Malaba_Boda simcheki. Kwenye mpira kila mechi ina bei yake na wawili wanalipa. Hapa analipa mmoja kwa saa na kumi wanakula bure, ndivyo kaka alivyofunga kibanda. Nimeamua kuuza benchi badala ya padi. Kila anayekaa anatoa shilingi 200 kwa jioni nzima, na aliyetoa ana haki ya kutoa hoja. Padi inazunguka, anayefika kituo cha kusevu anampa mwenzake. Asiye na 200 anafagia.

Remake sijaitupa. Nitaibakiza mashine ya pili kwa anayetaka kucheza peke yake, bei ya saa, kama Wandegeya akipita huku.

Fundi, nisaidie moja: PS4 moja na televisheni ya inchi 32, nitafute UPS, ile betri ya akiba, ya ukubwa gani?

Fundi_Waya, Arua

Ya VA 650 inawabeba wote wawili kwa dakika chache, labda kumi kama betri ni nzima. Usiunganishe feni humo. Na dakika kumi zinatosha kusevu kama mko nje kwenye ramani, ila mkiwa ndani ya pango kituo kiko mbali mtakimbia kama bomu limetegwa. Umeme ukikatika tumia ile ya mara tatu.

Wandegeya99, Kampala

Nimekubali kushindwa nusu. Nikija Busia mwezi ujao natoa 200 na mimi nakaa benchi. CD ya kwanza mmefika wapi, Aerith, yule msichana wa maua, bado

Mama_Padi, Busia

Wandegeya, koma hapohapo, usiwaharibie hadithi. Mmoja wao anasoma hii simu yangu. Ukifika kwangu na kulitaja jina hilo kabla hawajamaliza CD ya kwanza, unalipa benchi zima.