Vifaranga wanafia ndani ya yai siku ya 20 na unyevu unasoma 52. Kosa liko wapi?

Mkwaju_Tanga
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri. Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga ina feni, inageuza mayai yenyewe, joto nyuzi 37.6. Niliweka mayai 30 ya kienyeji, siku ya 7 nikatoa 4 yasiyo na kitu. Walioanguliwa ni 15, na 11 wamefia ndani. Nimepasua hayo 11: kifaranga amejaa yai zima, mwili laini umevimba, ute mzito unanata puani na kwenye manyoya, chumba cha hewa kidogo mno. Mifereji yote miwili ya maji ilikuwa imejaa tangu siku ya kwanza. Kipima unyevu kilicho kwenye mfuniko kilisoma asilimia 52 siku zote 18 za mwanzo. Si ndiyo kiwango kinachotakiwa?

Tetea
Kiwango ni sawa, 45 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo. Ila maelezo yako ni ya mayai yaliyokosa kukauka. Yai lisipopoteza maji ya kutosha, chumba cha hewa hakikui, na kifaranga akitaka kuvuta pumzi ya kwanza anakuta maji. Kwa hiyo ningeanza kukitilia shaka hicho kipimo.

Kijaribu kwa chumvi. Chukua kizibo cha soda, weka chumvi ya mezani mpaka karibu kijae, dondoshea maji kidogo kidogo hadi iwe kama mchanga mbichi. Isiyeyuke, ikigeuka maji matupu, ongeza chumvi. Weka kizibo pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki linaloziba kabisa, yasigusane, uache saa 12 mahali ambapo joto halipandi na kushuka. Unyevu wa hewa ya humo utakuwa 75. Kipimo kikisoma pungufu au zaidi, hiyo tofauti ndiyo kosa lake. Iandike kwa kalamu ya wino juu ya mashine.

Mfugaji wa Njombe
Mkuu, ongeza sponji lenye maji, unyevu wako ni mdogo. Huku bila mifereji miwili na sponji haifiki hata 40.

Tetea
Ndugu yangu, hilo ni sahihi kwa Njombe, kwa Tanga litamuulia mayai. Hewa ya baridi ya milimani kama huko kwenu, ya nyuzi 15 yenye unyevu 80, ukiipasha hadi 37.5 inabaki na unyevu kama 21 tu. Hewa ya pwani ya nyuzi 29 yenye unyevu huo huo 80, ukiipasha hivyo hivyo, inabaki karibu 50 bila tone la maji kwenye mashine. Ndiyo maana kijitabu kinachokuja na mashine, kinachosema "jaza mfereji wa kwanza", hakifai kufuatwa kila mahali.

Bibi Kuku
Naongezea: kipimo kinasema habari za hewa, mzani unasema habari za yai. Mimi ningeamini mzani. Wa jikoni unaosoma kwa gramu moja moja unatosha.

Pima trei tupu, kisha trei na mayai, utoe uzito wa trei. Tuseme mayai 30 ya kienyeji yana gramu 1,260. Kufikia siku ya 18 yanatakiwa yawe yamepungua asilimia 12 hivi, yaani gramu 151, sawa na gramu 8.4 kwa siku. Siku ya 7 utarajie upungufu wa gramu 59. Ukikuta 35, punguza maji. Ukikuta 80, ongeza. Mayai unayotoa yasiyo na kitu yapime kabla hujayatupa, uondoe hesabu yake, la sivyo utadhani yaliyobaki yamekauka ghafla.

Na kinachopandisha unyevu ni upana wa uso wa maji. Kina hakina kazi. Kupunguza ni kuacha mfereji mmoja mkavu au kufunika sehemu yake. Usizibe wala kubana matundu ya hewa ili kurekebisha unyevu, vifaranga wanahitaji kupumua, hasa siku tatu za mwisho.

Fundi Mashine
Wasio na kipimo cha kuaminika: funga kipande cha kamba ya kiatu ya pamba kwenye ncha ya kipimajoto, ncha nyingine izame kwenye kikopo cha maji ya mvua, kiwekwe feni inapopuliza. Maji ya kisima yenye chokaa hugandisha utambi na kipimo kinaanza kudanganya. Mashine ikiwa nyuzi 37.8, kipimajoto chenye utambi kikisoma 28.5 unyevu ni 50, kikisoma 29.6 ni 55, na 31.7 ni 65.

Halafu swali kwa mwenye uzi: hao 15 walitoka siku ya ngapi? Wakichelewa hadi ya 22 au 23, kagua joto pia. Joto la chini huleta vifaranga laini waliovimba vilevile.

Mkwaju_Tanga
Walitoka siku ya 21, wote ndani ya saa 20. Jaribio la chumvi limekwisha: kimesoma 66.

Tetea
Basi kinapunguza 9. Ile 52 yako ilikuwa 61. Awamu ijayo anza mifereji yote miwili ikiwa mikavu, pima uzito siku ya 4 na ya 7, ndipo uamue kama kuna haja ya maji. Siku ya 18 simamisha kugeuza, jaza mifereji yote kwa maji ya uvuguvugu, kipimo chako kisome 56 hadi 61, yaani 65 hadi 70 ya kweli. Baada ya hapo usifungue mfuniko mpaka wengi watoke. Yai lililotobolewa likipigwa na hewa kavu, utando wa ndani hukauka kama karatasi na kumbana kifaranga.

Mkwaju_Tanga
Nimeelewa, wakuu. Naagiza mzani kabla ya mayai.