Mrejesho: swali la kuburuta nukta kwenye STACK limekubali

Wakuu, asanteni sana. Wiki mbili zilizopita niliwaletea swali langu la jiometria la STACK (programu inayosahihisha maswali ya hisabati yenyewe) kwenye Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni, lililokuwa linawakosesha hata wanafunzi waliopatia. Kuna pembetatu yenye ncha (0,0), (6,0) na (2,4). Mwanafunzi anaburuta nukta hadi kwenye kitovu cha duara linalopita ncha zote tatu, yaani (3,1).

Kosa lilikuwa langu. Kidole kikiburuta, nukta haitui pale pale. Binti mmoja aliiacha kwenye (2.97, 1.04) akapewa sifuri, kwa sababu nilisahihisha kwa kipimo cha AlgEquiv, kinachotaka jibu liwe sawa kabisa. Iliniuma, maana alikuwa ameelewa. Nimefuata ushauri wenu: kipimo cha NumAbsolute, kinachokubali namba iliyo karibu na jibu, namba ya x peke yake na ya y peke yake, nikiruhusu tofauti ya 0.1. Hapo tatizo likaisha, na alama zake nimemrudishia.

Ushauri wa snapToGrid, yaani nukta ijivute yenyewe hadi kwenye gridi, niliujaribu nikauzima. Nukta ilirukia namba nzima tu, wanafunzi wakaanza kubahatisha badala ya kuchora mistari inayokata pande katikati kwa pembe mraba. Kwa swali lingine ungefaa.

Kwenye simu ndogo bado sijafanikiwa. Ukigusa nukta, ukurasa wote unateleza. Nimeikuza nukta, size kutoka 3 hadi 8, nafuu ipo ila haijaisha. Wenye simu hizo kwa sasa wanafanyia kwenye kompyuta za maabara.